Spika wa jimbo Marekani: kazi inayoanza na kura 60 na kuishia hapo hapo

Marekani ina majimbo 50, lakini mabaraza ya kutunga sheria katika majimbo hayo ni 99. Nebraska ndiyo inayoharibu hesabu: tangu 1937 ina baraza moja tu, sasa la wajumbe 49, na humchagua Spika wake kwa kura ya siri. Majimbo mengine yote yana Seneti na baraza la wawakilishi, ambalo California huliita Asembli. Kwenye Seneti mambo huchanganyika, maana majimbo kadhaa humkalisha naibu gavana kwenye kiti. Pale Texas huyo naibu gavana ndiye anayepeleka miswada kwenye kamati, na hakuchaguliwa na maseneta bali na wapiga kura wa jimbo zima. Kwa hiyo anayetaka kuelewa kazi ya kiongozi wa bunge la jimbo amwangalie Spika wa wawakilishi. Huyo huchaguliwa na wenzake, na wenzake hao hao ndio wanaoweza kumtoa.

Mifano yangu ni miwili. Michael Madigan wa Illinois alikaa kwenye kiti miaka 36, muda ambao hakuna Spika mwingine wa jimbo aliyewahi kuufikia. Willie Brown wa California alikaa karibu miaka 15. Namba za kushika kichwani ni mbili pia. Illinois ina wawakilishi 118, kwa hiyo Spika anatafuta kura 60. California ina 80, kwa hiyo anatafuta 41. (Nikisema jimbo hapa nina maana ya Illinois au California, kipande cha ardhi anachowakilisha mjumbe mmoja nitakiita eneo la uchaguzi, tusipotezane.)

Mlango wa kuingilia kazi hii hauko bungeni. Madigan, mzaliwa wa Chicago wa 1942, alianza 1969 kama kiongozi wa chama cha Democratic katika kata ya 13, upande wa kusini-magharibi wa jiji, jirani na uwanja wa ndege wa Midway. Cheo hicho hakina mshahara wa maana. Kina mabalozi wa mitaa. Kila balozi anazijua nyumba zake: nani taa ya barabarani imezimika mbele ya mlango wake, nani mti umemwangukia uzio, kijana wa nani anatafuta kazi jijini. Siku ya uchaguzi, ikifika saa tisa alasiri, anajua ni nyumba ipi haijapiga kura na anakwenda kugonga. Enzi za meya Richard J. Daley, kata iliyoleta kura ilipata ajira, na iliyolegea ilikaukiwa. Mkono mtupu haulambwi, na Chicago hawakuhitaji kufundishwa methali hiyo. Wakati huo huo Madigan alikuwa mjumbe wa mkutano uliotunga katiba ya Illinois ya 1970. Mkutano huo tutaurudia. Mwaka huo huo wa 1970 alichaguliwa kuwa mwakilishi.

Brown alipita njia nyingine. Alizaliwa Mineola, Texas, mwaka 1934, mtoto mweusi wa Kusini ya ubaguzi, akahamia San Francisco 1951, akasoma sheria, akagombea 1962 akashindwa, akarudi 1964 akashinda. Wanapofanana ni hapa: kila mmoja alipata eneo la uchaguzi ambalo likishakuwa lako halikusumbui tena. Watu huliruka jambo hili kwa sababu halina msisimko, lakini bila hilo hakuna uspika wa kudumu. Mjumbe anayeshinda kwao kwa kura chache lazima Oktoba nzima, kabla ya uchaguzi wa Novemba, awe nyumbani anapiga hodi. Spika anatakiwa Oktoba nzima awe kwenye maeneo ya wenzake, na fedha alizochanga ziende kwao.

Kura ya uspika huenda kwa hatua mbili. Kwanza wajumbe wa chama chenye viti vingi hukutana faragha na kumchagua mgombea wao. Kisha baraza zima hupiga kura hadharani, kila mtu kwa jina lake. Hatari iko katikati ya hatua hizo. Chama kikiwa na viti 47 na kimegawanyika makundi mawili yanayochukiana, kundi lolote linaweza kuvuka ukumbi na kutafuta wateja upande wa pili. Ndivyo ilivyokuwa California mwaka 1980. Wademokrat walikuwa wamechoshana kwa ugomvi wa Spika Leo McCarthy na Howard Berman aliyetaka kiti chake. Brown, ambaye 1974 alikuwa ameutaka uspika akashindwa na huyo huyo McCarthy, aliwaendea Warepublican akawaahidi kwamba watatendewa haki kwenye kamati na wafanyakazi. Tarehe 1 Desemba 1980 alipata kura 51: Warepublican 28, Wademokrat 23. Yaani alichaguliwa na wapinzani wengi kuliko watu wa chama chake, kisha akatawala kama Mdemokrat kwa miaka 14 iliyofuata.

Anayehesabu kura za namna hii hujifunza kuzipanga ndiyo kwa uzito. "Niko pamoja nawe" si kura. "Nitakupigia duru ya kwanza" ni kura yenye tarehe ya kuisha. Kura kamili ni ya mtu aliyesema jina lako mbele ya mwenzake mwingine, akijua kwamba mwenzake huyo atamkumbusha. Anayejumlisha zote tatu kwenye safu moja ndiye anayeamka asubuhi ya uchaguzi akiwa na pungufu ya 4 asiyoweza kuieleza.

Ukishakaa kwenye kiti, vifaa vyako ni kamati, wafanyakazi na ratiba. Kwenye kamati Spika ndiye anayewapanga wenyeviti, na uenyekiti una posho, wafanyakazi na foleni ya washawishi wa makampuni wanaotaka kukuchangia. Alichotoa anaweza kukichukua tena. Mwaka 1988 Wademokrat 5 wa California, Gary Condit, Charles Calderon, Rusty Areias, Jerry Eaves na Steve Peace, walijaribu kumng'oa Brown kwa kushirikiana na Warepublican. Kwenye karatasi ilikuwa hesabu nzuri: uchaguzi wa 1986 uliwapa Warepublican viti 36, ongeza 5 ni 41 kamili. Hesabu isiyo na ziada hata ya mtu mmoja si hesabu, na haikutimia. Brown aliwavua nafasi zao kwenye kamati. Novemba chama chake kikaongeza viti, na tangu hapo 5 hao hawakutosha hata kwa makaratasi.

Illinois walikuwa na chombo kimya zaidi: Kamati ya Kanuni. Ina wajumbe 5, watatu wa upande wa Spika. Kila muswada hupita kwanza mlangoni kwake, na usiporuhusiwa kwenda kamati ya kazi hukaa pale mpaka kikao cha miaka 2 kiishe na ufe nacho. Hakuna anayelazimika kuupinga hadharani. Mwandishi wa muswada anarudi nyumbani kuwaambia wapiga kura kwamba aliupeleka, wenye makampuni wanalala usingizi, na alama za vidole hazipo. Waliomwita Madigan Nyundo ya Mahameli walikuwa na maana hiyo.

Kuhusu wafanyakazi, sifa za kwanza ni za Jesse Unruh, Spika wa California 1961 hadi 1969. Kabla yake mjumbe wa kawaida alipata maelezo ya muswada kutoka kwa mshawishi anayeutaka. Unruh aliajiri wachambuzi wa baraza lenyewe, na 1966 wapiga kura wakapitisha mabadiliko ya katiba yaliyolifanya bunge lile kuwa la kazi ya kudumu. Linganisha na New Hampshire, yenye wawakilishi 400 wanaolipwa dola 100 kwa mwaka. Huko mjumbe hana hata karani wake. Lakini wafanyakazi wana upande wa pili. Wachambuzi wakiajiriwa na Spika badala ya kamati, basi kila mjumbe anasoma ulimwengu kupitia macho ya Spika. Vijana wa Madigan waliandika uchambuzi wa miswada mchana wa kikao, na msimu wa kampeni ukifika walichukua likizo ya kazi ya umma wakaenda kuendesha kampeni za wajumbe wenye hali ngumu. Ukichaguliwa kwa jasho la mtu huyo, Januari unapokuwa na swali juu ya bajeti unamuuliza nani?

Sasa kura yenyewe, mahali ambapo Spika hodari anaonekana. Tuseme kuna muswada wa kuongeza kodi, na ana viti 67. Hawaambii wote 67 wapige ndiyo. Orodha yake ina safu tatu. Wa kwanza ni wa maeneo salama. Hao wanapiga ndiyo bila kuulizwa mara mbili. Wa pili ni waliozoea kulalamika. Hao wanataka kitu, barabara au muswada wao utoke Kamati ya Kanuni. Wa tatu, tuseme 7, wanatoka maeneo yanayoweza kupotea. Hao anawaruhusu wapige hapana, tena waseme kwa sauti. Ubao wa kura ukifunguka anaangalia taa, si wasemaji. Zikifika 60 anafunga. Kura ya 61 ni hasara: ni mtu aliyeumizwa bure, na Oktoba itabidi anunuliwe matangazo ya kumwosha. Spika mchanga hukosea hapa kwa kutaka ushindi mkubwa wa kujionyesha. Kosa la upande wa pili ni kumruhusu mjumbe wa 8 atoroke kwa sababu ni rafiki. Wenzake wataona, na muswada ujao kila mtu anataka kuwa safu ya tatu.

Kuna siku ambazo kura 60 hazitoshi. Katiba ya Illinois inataka sehemu 3 kati ya 5, yaani 71, kwa kushinda kura ya turufu ya gavana, na pia kwa muswada uliopitishwa baada ya tarehe 31 Mei ukitakiwa kuanza kazi mara moja. Gavana Bruce Rauner na Madigan walivutana mpaka jimbo likakaa siku 736 bila bajeti kamili. Tarehe 6 Julai 2017 baraza lilipiga kura kushinda turufu yake na kupandisha kodi ya mapato kutoka asilimia 3.75 hadi 4.95. Matokeo: 71 kwa 42. Si 75. Ni 71, na baadhi yao walikuwa Warepublican.

Zamani mpaka huo wa tarehe ulikuwa 30 Juni, na usiku wa 30 Juni 1988 ndio unaosimuliwa zaidi. Timu ya besiboli ya White Sox ilikuwa inakaribia kuhamia Florida, na gavana James Thompson, Mrepublican, alikuwa ukumbini mwenyewe akiwabembeleza wajumbe mmoja mmoja wakubali uwanja mpya. Kabla ya saa sita ya usiku zilihitajika 60, ikipita, 71. Kura zilifika 60 kwa 55, na kumbukumbu rasmi ikaandika kwamba ilikuwa dakika moja kabla ya saa sita. Saa za mikononi mwa watu zilisema vingine. Lakini saa ya baraza ni ya baraza, na anayeiendesha ni kiti.

Hila nyingine ya kalenda haina msisimko kama huo, lakini ndiyo ya kila mwaka. Katiba ya Illinois inataka muswada usomwe kwa kichwa chake siku 3 tofauti katika kila baraza. Kwa bajeti iliyokubaliwa jioni ya 30 Mei hizo siku hazipo. Dawa yake ni muswada ganda. Miezi ya mwanzo wa kikao huwasilishwa miswada isiyo na kitu, inayobadilisha neno moja lisilo na maana kwenye sheria fulani. Ganda linapita kwa wawakilishi kwa masomo yote 3, linakwenda Seneti, linasomwa mara 2, linawekwa kabatini. Mwisho wa Mei linatolewa, marekebisho yanafuta kila kitu kilichomo na kuingiza mamia ya kurasa mpya, Seneti inamalizia somo la 3, na wawakilishi wanatakiwa tu kukubaliana na marekebisho kwa kura moja. Siku zimehesabiwa kwa ganda, nyama imeingizwa saa ya mwisho. Atakayekwenda mahakamani atakutana na ibara nyingine ya katiba hiyo: Spika na Rais wa Seneti wakisaini kwamba taratibu zimefuatwa, mahakama hazichungulii nyuma ya saini. Linaloharibika katika njia hii ni ubora. Makosa ya namba na vifungu vinavyogongana huonekana baada ya gavana kusaini, kisha hutungwa sheria ya kusahihisha sheria.

Ramani ndiyo mzizi wa yote hayo. Kila baada ya sensa ya miaka 10 mipaka ya maeneo ya uchaguzi huchorwa upya. Pale Illinois, vyama vikishindwa kuelewana huundwa tume ya watu 8, wanne kwa wanne, na ikikwama, mjumbe wa 9 hupatikana kwa bahati nasibu. Waliotunga katiba ya 1970 walidhani hakuna mwanasiasa mwenye akili atakayekubali kucheza kamari na miaka 10 ya maisha yake. Kwa hofu hiyo wangepatana. Hawakupatana. Mwaka 1981 jina lilichomolewa kutoka kofia ndefu ya aina aliyovaa Abraham Lincoln, likawa la Wademokrat, na Madigan ndiye aliyesimamia uchoraji. Januari 1983 akawa Spika. Mwaka 1991 bahati nasibu ikawapa Warepublican. Uchaguzi wa 1994 ukampokonya kiti kwa miaka 2, 1995 hadi 1997, kipindi pekee alichokuwa nje tangu aanze. Alirudi hata kwa ramani isiyo yake, na hapo ndipo namvulia kofia: mabalozi na wachambuzi wake walishinda maeneo ambayo mchoraji aliyatoa kwa wengine. Mwaka 2001 kofia ikarudi kwake. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, ila hapa kisu kilipatikana kwa kuokota karatasi.

Dawa iliyopendekezwa mara nyingi dhidi ya maspika wa namna hii ni ukomo wa mihula, ambao sasa uko katika majimbo 16. California waliupitisha Novemba 1990, Pendekezo 140, na kila mtu alijua linamlenga nani: mihula 3 ya miaka 2 katika Asembli, pamoja na kukata bajeti ya bunge kwa asilimia 38. Wachambuzi wengi wazoefu waliondoka. Mjumbe wa miaka 6 hamalizi kujua bajeti inavyofungwa, na anayebaki na kumbukumbu ni mshawishi wa kampuni, ambaye hana ukomo. Florida, wenye kikomo cha miaka 8, wamezoea Spika wa miaka 2 tu, na wajumbe wapya huanza kupangana nani atakuwa Spika miaka 6 mbele wakiwa hawajapitisha hata muswada mmoja. Mimi naona ni tiba iliyohamisha ugonjwa. California wenyewe waliilegeza 2012, wakaruhusu miaka 12 kwa jumla.

Brown alimaliza kwa hesabu kama alivyoanza. Uchaguzi wa 1994 uliwapa Warepublican 41, namba kamili. Tarehe 5 Desemba Paul Horcher alijitoa kwenye chama hicho na kumpigia Brown: 40 kwa 40. Kulikuwa na Mrepublican mwingine, Richard Mountjoy, aliyechaguliwa kwa wakati mmoja kwenye Asembli na kwenye Seneti. Januari 1995 Asembli ikaamua kwamba hana kiti tena kwao, na Brown akapita 40 kwa 39. Horcher aliondolewa na wapiga kura wake mwezi Mei. Namba zilipogoma kabisa, Juni, Brown aliwapanga Wademokrat wote wampigie Doris Allen, Mrepublican, ambaye kura yake mwenyewe ilimalizia. Wenzake hawakumsamehe, kabla mwaka haujaisha naye aliondolewa na wapiga kura. Brown akaenda kuwa meya wa San Francisco, 1996 hadi 2004.

Mwisho wa Madigan ulianzia kwenye vile vile vilivyomjenga. Ajira za kuwapa watu wa kata zilipopungua serikalini, kampuni zilizohitaji sheria zikawa tayari kuzitoa. Julai 2020 kampuni ya umeme ya ComEd ilikiri kwamba ilipanga kazi na malipo kwa watu wa karibu na Spika ili kumvuta upande wake, ikakubali kulipa dola milioni 200. Mwenyewe hakuwa anatumia baruapepe wala simu ya mkononi, lakini watu waliomzunguka walikuwa na simu, na simu zilikuwa zinarekodiwa. Februari 2025 alitiwa hatiani kwa makosa 10 kati ya 23, akaachiwa 7, na kwa 6 baraza la mahakama halikuafikiana. Juni alihukumiwa miaka 7 na nusu na faini ya dola milioni 2.5.

Uspika alikuwa ameshaupoteza miaka minne kabla, na hakuna hakimu aliyemtoa. Uchaguzi wa Novemba 2020 ulikipa chama chake viti 73. Wademokrat 19 wakasema hadharani hawatampigia, zikabaki 54. Januari 2021 kwenye kikao cha faragha alipata 51. Tarehe 13 mwezi huo Emanuel Chris Welch alichaguliwa kwa kura 70, Spika wa kwanza mweusi wa baraza hilo. Kanuni mpya za mwaka huo ziliweka ukomo wa miaka 10 kwa Spika na kwa kiongozi wa walio wachache. Kanuni hizo hupitishwa upya mwanzoni mwa kila kikao cha miaka 2, na kuzibadilisha kunahitaji kura 60.